Baraza la mbao Mtwara na Lindi: maswali mnayoniuliza kila siku

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wa Mtwara, Mikindani, Lindi mpaka Kilwa wananiuliza kuhusu baraza la mbao, lile la nje ya nyumba la kukaa jioni upepo ukipiga. Najibu vilevile ninavyomjibu mteja tukiwa tumesimama saiti. Kitu kimoja nataka ukishike kabla hujaendelea: baraza linaoza kuanzia chini, kule usikokuona, kwa hiyo hela yako na akili yako ipeleke chini kwanza, mambo ya rangi ya juu yatafuata.

Fundi, mbao kweli itadumu huku pwani au nimwage zege tu?

Inadumu, tena sana. Nenda Mikindani kaangalie ile milango ya zamani ya kuchonga, iko mita chache tu kutoka baharini. Ila jiulize kwanini imedumu: ni mti mgumu, imesimama wima maji yanateremka, na hewa inapita pande zote. Baraza lina kazi ngumu kuliko mlango maana mbao zimelala, mvua inatua juu na kukaa, halafu chini kuna udongo. Kuvu ya kuozesha inataka unyevu, mbao ikibaki chini ya asilimia 20 ya unyevu kuvu haiwezi kuishi humo. Kwa hiyo mbao ilowe na ikauke upesi, hapo utakuwa nayo miaka mingi. Na zege nalo usidhani halina shida huku, chumvi ikiingia inakula nondo na zege linapasuka.

Mti gani mzuri? Kila mtu ananiambia lake.

Kwa huku kwetu chaguo langu la kwanza ni mkongo, wengine wanauita mbambakofi. Ni mzito, mgumu, moyo wake (ile sehemu ya ndani) mchwa hawautaki, na unavumilia mvua. Shida yake ni kwamba unachosha misumeno na drili, halafu una rangi ya njano ndani ambayo ukilowa mwanzoni inatoka na kuchafua, sasa kama chini ya baraza kuna ukuta mweupe au vigae ujue utaona michirizi kwenye mvua za kwanza, baadaye inaisha.

Wa pili mninga. Mninga ni mwepesi kidogo kuliko mkongo, unarandika vizuri, na sifa yake kubwa ni kwamba hauchezi, yaani ukikauka haupindi wala kusinyaa sana. Kwa mbao za kukanyagia ni raha tupu. Mvule nao mzuri, na mtiki pia ukiupata wa umri mkubwa, maana mtiki mchanga mti mzima unakuwa karibu wote ni ile sehemu nyeupe.

Na hapo ndo penye siri yenyewe, naomba usome taratibu. Mti wowote una moyo, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea, na una sehemu ya nje nyeupe au ya manjano hafifu. Uimara wote uko kwenye moyo. Ile nyeupe ya mninga inaliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote ya hovyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "huu ni mninga" hajamaliza, geuza ubao, angalia pembeni, kama nusu yake ni nyeupe basi umenunua nusu ya mninga kwa bei ya mninga mzima. Ukiwa na mbao chache zenye weupe kidogo zipeleke juu sehemu inayokauka, usiziweke kwenye boriti za chini hata siku moja.

Paini inafaa ikiwa imetiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ile yenye ukijani. Nyingi zinatoka mashamba ya kule Mufindi. Paini isiyo na dawa usijaribu, mchwa wa huku wanaimaliza bila huruma. Na paini ya dawa ukiikata, ncha uliyokata imefunguka, dawa haikufika katikati sawasawa, kwa hiyo kila ncha ipake dawa ya mbao kabla ya kufunga. Mafundi wengi wanaruka hiki kitu, na ukirudi miaka michache baadaye unakuta kuoza kumeanzia hapohapo kwenye ncha.

Mkorosho na mwembe waache waendelee kutupa matunda. Mnazi, ule wa zamani sehemu ya chini ya pembeni ni ngumu na inapendeza, ila katikati ni laini, na nje kwenye mvua hauna kinga, labda ufanyie kazi chini ya paa.

Nitajuaje mbao ni halali?

Mnunulie mfanyabiashara aliyesajiliwa, akupe risiti, na mzigo ukisafirishwa uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile TP ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Gogo halali linagongwa nyundo ya TFS. Mtu akikuletea mkongo usiku na pikipiki kwa bei ya kutupa, ukikamatwa nao mzigo unataifishwa na wewe unaingia kwenye kesi. Na mimi naliweka moyoni hili, kwasababu mkongo na mninga vinachukua miaka mingi mno kukomaa na misitu yetu Liwale na Kilwa inakatwa haraka kuliko inavyoota. Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao kisheria na kuvuna kwa mpango, Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, na hela ya mbao inarudi kijijini. Ukiweza kupata mbao ya namna hiyo ichukue, hata kama utasubiri.

Boriti za mikoko je? Babu zetu walijengea.

Walijengea kweli, na mkoko ni mgumu. Lakini mikoko ni hifadhi, huruhusiwi kukata bila kibali, na kwa upande wa Msimbati na Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Tafuta kingine.

Nimepata mbao mbichi bei poa, nifunge hivyohivyo?

Hapana kaka. Mbao mbichi ukiifunga itasinyaa ikiwa imeshikwa na skrubu, inapasuka, inapinda, nafasi kati ya mbao zinakuwa kubwa mpaka mguu wa kiti unazama. Zipange kivulini juu ya matofali, kati ya tabaka na tabaka weka vibanzi vya unene sawa, vibanzi vipangwe mstari mmoja juu hadi chini, hewa ipite. Usizianike juani, zitapasuka ncha. Ncha zenyewe zipake rangi yoyote nzito ya mafuta zisikauke haraka kuliko katikati. Mbao ya inchi moja ya mti mgumu mafundi wanahesabu kama mwaka mmoja, huku kwetu na upepo wa kusi inaweza kuwahi zaidi lakini usikimbilie. Kama huna muda nunua zilizokaa stoo kwa muda mrefu, lipa zaidi kidogo.

Nguzo nizichimbie ardhini?

Ukinisikiliza kwenye jambo moja tu nisikilize kwenye hili. Usichimbie nguzo ya mbao ardhini. Hata ukiipaka lami, hata ukiizungushia zege. Zege likizunguka mbao linaacha ufa mwembamba mbao ikisinyaa, maji yanaingia na hayana pa kutokea, nguzo inaoza pale kwenye usawa wa ardhi, kiunoni.

Fanya hivi: chimba shimo kama sentimita 40 kwa 40, kina angalau 50 au mpaka ufike udongo mgumu (kule Shangani, ufukweni Mtwara, kwenye mchanga mtupu chimba zaidi na panua kitako), mwaga zege lenye nondo, litokeze juu ya ardhi sentimita 15 au 20, na kabla halijakauka zamisha chuma cha kushikia nguzo. Mbao ikae juu ya chuma, isiguse zege moja kwa moja. Pembe za juu za zege zikatwe mteremko maji yasituame. Hapo mbao yako iko hewani, na kichuguu cha mchwa kikipanda juu ya zege utakiona.

Mchwa! Mwenzangu baraza lake limekwisha ndani ya msimu. Nafanyaje?

Pole yake. Mchwa wa huku wanatoka ardhini, hawawezi kutembea kwenye mwanga na hewa kavu, ndo maana wanajenga zile njia za udongo zenye unene wa kalamu ya risasi kupanda kwenye nguzo au ukuta. Hiyo ndo bahati yetu, maana anayekuja kwa njia inayoonekana anazuilika.

Kwanza safisha chini kabisa. Ng'oa visiki na mizizi, okota vipande vya mbao, vumbi la msumeno, mifuko ya saruji, kila kitu. Mafundi wana tabia ya kufukia takataka chini ya baraza halafu wanapiga mbao juu, hapo umewaandalia mchwa karamu chini ya kitanda chako. Pili mwaga dawa ya mchwa kwenye udongo kabla ya kujenga, umpate mtu anayejua vipimo na avae glavu na barakoa, na kama kuna kisima karibu mwambie mapema. Tatu acha nafasi ya kutosha chini, angalau sentimita 30, mtu aweze kuchungulia na tochi. Nne usiegemeze baraza kwenye ukuta wa nyumba kwa mbao kugusana na plasta, acha upenyo wa vidole viwili, maana mchwa wakishapata daraja hilo wanahamia kwenye kenchi za nyumba.

Ukikuta njia ya udongo ivunje kipande kidogo katikati, rudi kesho yake. Ikiwa imezibwa upya wapo kazini. Hapo piga dawa pale inapotokea ardhini, ukikwangua tu ile njia ukaondoka watapita pembeni.

Halafu kuna wale wa mbao kavu, hawa hawana njia ya udongo, unaona tu punje ndogondogo kama mchanga zimemwagika chini. Hao dawa yao unaisukuma kwenye tundu kwa bomba la sindano, au unang'oa ubao huo.

Kuna haja ya kuacha nafasi kati ya mbao? Sarafu zitaanguka.

Zianguke. Acha milimita 5 kwa mbao kavu, tumia msumari mnene wa kipimo hicho kama geji, uweke kati ya ubao na ubao unapofunga. Bila nafasi maji na majani ya mwarobaini yanakaa humo na kuoza. Na baraza zima lipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba, jicho halitauona ila maji yatauona.

Nihesabu vipi vifaa? Nina eneo la mita 3 kwa 4.

Chukua mbao za inchi moja kwa sita zenye urefu wa mita 3. Ikisharandwa inabaki kama sentimita 14, ongeza nafasi ya nusu sentimita, ni 14 na nusu. Gawanya 400 kwa hiyo, unapata 27 na kitu, kwa hiyo mbao 28, ongeza tatu za kukata na kuharibika. Boriti za kubebea mbao zikae sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati au pungufu, kwenye upana wa mita 3 zinakuja 9, za mita 4 kila moja. Kila ubao kwenye kila boriti skrubu mbili: 28 mara 9 mara 2 ni 504, nunua 550.

Boriti za mbili kwa sita, chini yake nguzo zisizidi mita 2 kutoka moja hadi nyingine. Kama utatumia mbili kwa nne sogeza nguzo zikaribiane, mita moja na robo hivi, la sivyo utasikia baraza linadunda ukitembea. Mtu akikupunguzia boriti ili bei ishuke, kataa.

Misumari inatosha au lazima skrubu?

Skrubu. Msumari mbao ikicheza unapanda taratibu, watoto wanakanyaga peku. Na huku baharini kitu cha kwanza kufa ni chuma. Skrubu za kawaida zile za dhahabudhahabu zinapata kutu haraka, na ukizitia kwenye mninga au mkongo unapata doa jeusi kuzunguka kila kichwa, kutu inapatana vibaya na utomvu wa mti. Kwenye paini ya dawa ni mbaya zaidi, dawa ile ina shaba na shaba inakula chuma.

Tafuta skrubu za steinlesi, chuma kigumu kupata kutu. Ukiwa karibu na maji kabisa, Shangani au Kilwa Masoko, taka daraja la 316, la 304 litapata madoa ya kutu ingawa halitakatika upesi. Dukani nenda na sumaku, steinlesi nzuri hainasi au inanasa kidogo sana, ikishika "tap" umeuziwa chuma kilichopakwa. Hadwea za kwetu hazina kila mara, agiza Dar mapema kabla fundi hajaanza, maana fundi akishaanza na skrubu hazipo atapiga misumari. Bolti kubwa na vyuma vya nguzo viwe vimechovywa kwenye zinki ya moto, ile yenye ngozi nzito ya kijivu.

Na mti mgumu lazima utoboe kwanza. Mafundi wa majahazi hawapigi msumari bila kupitisha keekee, wana sababu. Usipotoboa skrubu inakatika kichwa au ubao unapasuka mwishoni. Urefu wa skrubu uwe mara mbili na nusu ya unene wa ubao.

Nipake oili chafu? Ni bure gereji.

Najua kila mtu anafanya. Oili chafu haiingii ndani, inakaa juu, inanata vumbi, inachafua nguo, ina sumu inayoshuka kwenye udongo na kisima, na mtoto anatambaa juu yake. Baada ya mvua kadhaa imekwenda. Acha.

Na mafuta ya maganda ya korosho? Huku yapo.

Hili swali nalipenda kwasababu ni la kwetu. Yale mafuta ya ganda kweli yanafukuza mchwa, yanafahamika kwa kazi ya kuhifadhi mbao na vyombo vya baharini. Lakini yanaunguza ngozi, waulize kina mama wanaobangua korosho kwanini wanapaka majivu mikononi. Ukiyatumia yawe kwa nguzo na boriti za chini tu, uvae glavu na miwani, uyaache yakauke kabisa, na juu pa kukanyagia usiguse. Sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, yanazuia maji vizuri tu, ila jirani zako watahama kwa harufu.

Vanishi au mafuta?

Juu pa kukanyagia vanishi hapana. Jua la Lindi linaipasua, maji yanaingia chini ya ngozi yake, inabanduka mabakamabaka, na kuirekebisha unapiga msasa baraza zima. Mafuta ya mbao yanaingia ndani, yakiisha unasafisha na kupaka tena, basi. Chagua yenye rangi kidogo ndani yake, ile rangi ndo inazuia jua, yasiyo na rangi kabisa hayasaidii sana. Paka nyembamba, futa yanayobaki juu baada ya robo saa. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, usivifinyange ukaviweka stoo, vyenye mafuta ya linsidi vinaweza kushika moto vyenyewe.

Usipopaka chochote mkongo na mninga vitageuka kijivu. Kijivu sio kuoza, ni jua tu, mbao ndani iko salama. Wengine wanaupenda hivyo na mimi siwapingi.

Matunzo ya mwaka yakoje?

Mara mbili. Oktoba au mwanzo wa Novemba kabla mvua hazijashika, na Juni zikishakwisha. Zoa, toa uchafu kwenye nafasi kwa kisu butu, osha kwa brashi na sabuni ya unga kufuata uelekeo wa nyuzi, suuza na maji baridi ya bomba. Ukiwa karibu na bahari suuza mara nyingi zaidi, chumvi inavuta unyevu na mchanga unakwangua kama msasa. Ile mashine ya maji ya presha ya kuoshea magari usiisogeze, inachimba mbao laini na kuacha manyoya.

Kisha ingia chini na tochi na bisibisi. Choma pale boriti inapokutana na nguzo, ncha za mbao, na chini ya vyungu vya maua. Mbao nzima bisibisi inagoma. Iliyoanza kuoza inaingia kirahisi, ukiichokonoa inatoka vipande vifupifupi visivyo na nyuzi, na inanuka uyoga. Vyungu viweke juu ya vimiguu na uvihamishe.

Mafuta paka Juni au Julai, mbao zikiwa zimekauka siku kadhaa. Jaribu kwa tone la maji, likikaa juu bado yapo, likizama paka. Msimu huohuo wa kiangazi ndo mzuri pia wa kujenga.

Upepo mkali unaweza kung'oa baraza?

Baraza wazi ni vigumu, lenye paa ni jambo jingine. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, kimbunga Kenneth mwaka 2019 kilipita jirani tu kikapiga Cabo Delgado kule Msumbiji, na Mei 2024 tukapata kimbunga Hidaya. Kwa hiyo paa la baraza lifungwe kwa vyuma kutoka bati mpaka zege, bolti zipite upande hadi upande, misumari peke yake upepo unaing'oa.

Reli ni lazima?

Likizidi sentimita 60 kutoka ardhini, ndiyo. Kimo mita 1, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

Ubao mmoja umeoza, nibomoe lote?

Hapana, hiyo ndo raha ya skrubu. Fungua huo, angalia boriti iliyo chini yake. Boriti ikiwa na doa dogo lichonge mpaka ufike mbao ngumu, paka dawa, kisha unganisha boriti nyingine pembeni kwa bolti. Juu ya kila boriti ukipata nafasi weka kipande cha karatasi ya lami au plastiki nzito kabla ya kurudisha ubao, maji ya tundu za skrubu yatateleza pembeni.

Mabaki ya mbao nipikie?

Ya mkongo na mninga pikia tu. Ya paini yenye dawa usichome kabisa, wala jikoni wala uani, moshi na majivu yake yana sumu, na majivu hayo usimwagie mboga. Na wakati wa kukata na kupiga msasa vaa barakoa, vumbi la mninga na la mkongo linawasha pua na kifua, mwenye pumu akae mbali kabisa siku hiyo.